Mtuma Tepu

Lorna Pulaski, karani pale chuoni Boston, alimjua mtuma tepu wa chumba jirani kwa mikono yake. Kabla ya kugusa tepu, ule utepe wa kuhifadhia programu za kompyuta, huifuta mikono hiyo kwenye magoti ya suruali, wa kulia kwanza, kisha huinakili humo programu yake ya bure ya kuandikia na kuipeleka posta kwa yeyote aliyeomba. Na maombi hayakwisha, maana kila chuo kilikuwa na kompyuta ya aina yake, na kila aina na ukaidi wake.

Jumatatu moja mwalimu Tollefson wa Minnesota alipiga simu, karibu alie. Programu haikubali kompyuta yao, na Ijumaa wakubwa wanaiondoa kompyuta yenyewe kwa kuwa wanafunzi hawawezi kuandikia chochote.

“Ndugu yangu, kompyuta hiyo sijaiona hata kwa picha,” mtuma tepu alijibu kwa ile sauti yake ndogo. “Lakini programu yote unayo, mpaka matumbo yake, ile mistari iliyoiunda. Fungua, tuisome pamoja.”

Wakasoma kwa simu siku tatu, Tollefson akibadilisha mstari huu na ule. Lorna akachungulia. “Wee bwana, sikio halijachoka?”

“Lilichoka jana, dada. Hili ni la pili.”

Alhamisi mchana Tollefson alipiga kelele kwenye simu hadi Lorna akamsikia kutoka chumbani kwake: “Imekubali! Wanaandika! Nikupe nini, kaka?”

“Hiyo mistari uliyoibadilisha, nirudishie kwenye tepu,” akasema mtuma tepu. “Kuna mama mmoja Kansas ana kompyuta kama yako. Ananingoja tangu Februari.”