Ng'ombe Hawana Utani

Sijawahi kukaa mahali pamoja miaka mingi. Nimefika pwani, nimefika ziwani, na popote ninapoona mkokoteni wa ng'ombe hucheka peke yangu, kwa kuwa humkumbuka binamu yangu kule Songea, wakati wa Wajerumani.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na hakuna aliyetaka kuitwa boma, kwenye ofisi ya Wajerumani. Binamu yangu alikuwa amepata kazi ya kuendesha mkokoteni wa misheni, kupeleka matofali mabichi kwenye tanuri. Aliagizwa jambo moja tu: atembee mbele ya ng'ombe, kamba mkononi. Yeye alipenda kukaa juu ya matofali kama chifu.

Siku moja alikuwa amekaa hivyo, nami nikimfuata kwa miguu. Tukampita Mhehe mmoja, mchuuzi wa chumvi. Wahehe ni watani wetu Wangoni tangu babu zetu walipochoka kupigana, na maneno ya mtani hayaachwi bila jibu, kama vile salamu haiachwi bila kuitikiwa.

"Jamani, Mngoni naye anapelekwa kuchomwa?" akauliza Mhehe.

Binamu yangu akageuka nyuma mwili mzima. "Nyamaza wewe. Babu yako alipomwona babu yangu alikimbia, mpaka leo hajafika kwao."

"Alikuwa anawahi kuficha mbuzi. Si mlikuwa wezi?"

Binamu alikuwa bado anatafuta jibu wakati ng'ombe waliponusa maji ya kijito, wakaacha njia. Gurudumu likapita katikati ya vyungu vya mama mmoja mfinyanzi, alivyovianika juani. Hakikubaki hata kimoja.

Mama yule alishika kamba ya ng'ombe, akasema, "Twende boma, mwanangu."

Binamu akaruka chini kutoka juu ya matofali. Boma maana yake kiboko, na baada ya kiboko, kazi ingekwenda kwa mwingine.

"Mama, nakusihi, twende kwa jumbe wa kijiji."

"Twende. Ukileta maneno mengi, boma si mbali."

Tukaenda, na Mhehe akatufuata na chumvi yake. Maneno binamu aliyaleta. Mbele ya jumbe alisema kwamba mwenye kosa ni Mhehe aliyemchokoza, na kwa desturi mtani hashtakiwi, kwa hiyo shauri limekwisha. Watu wakacheka, na jumbe pia.

"Hawa ng'ombe nao wana utani na Wahehe?" akauliza jumbe.

"Hawana, Jumbe."

"Basi wao walikuwa kazini. Nani aliyeiacha kazi yake?"

Ikaamuliwa binamu amchotee mama udongo bondeni mpaka vyungu vyote virudi. Mama akaridhika, na boma halikutajwa tena.

Nilidhani Mhehe angekwenda zake. Lakini mtani ndiye wa kwanza kujifunga nguo kiunoni siku ya shida. Aliweka chumvi yake chini, akachukua kikapu.

"Mngoni akiachwa peke yake na udongo ataula," alisema.

Walipanda na kushuka bonde lile wakitukanana. Binamu alijibu kila neno bila kugeuza shingo, maana udongo ulikuwa kichwani.

Kazi yake hakuipoteza. Tangu hapo alitembea mbele ya ng'ombe. Mtani akimrushia neno, alisimamisha mkokoteni, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, ndipo akajibu. Mimi nilimngoja juani mpaka wamalize, na hawakuwa watu wa kumaliza upesi.