Mama Viti na Kiti Kilichouzwa Mara Mbili

Alikuwa na viti mia nne na sitini, vyote vya plastiki, vyote vyeupe, kila kimoja kimepakwa rangi nyekundu chini ya mguu wa nyuma ili kisipotelee kwa watu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Viti. Hata mkwe wake, siku alipokuja kuposa, aliulizia nyumba kwa jina hilo na akaelekezwa na mtu wa kwanza aliyekutana naye.

Kazi hiyo hakuirithi. Siku ya mazishi ya mama yake, viti vya kukodi vilifika saa nne asubuhi. Kufika saa sita, mwenye navyo akaja na gari kuvichukua, eti kuna harusi upande wa pili wa mji. Wazee wakainuliwa mmoja mmoja, viti vikavutwa chini yao wakati maombi hayajaisha, na shangazi yake wa miaka themanini akamalizia msiba amekalia ndoo iliyopinduliwa. Binti wa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa mfagizi wa ofisi, alimlilia mama yake kwa siku tatu. Ile ndoo aliililia kwa miezi minane, mpaka alipoweza kununua viti vyake thelathini vya kwanza.

Kwa miaka ishirini na miwili alikodisha viti kwa harusi, misiba, mahafali na vikao vya watu waliopenda kukutana bila kuafikiana. Humo ndimo alimojifunza tabia za binadamu. Alijua kwamba kila shughuli ina mtu aliyekaa pasipo pake, na kwamba mtu huyo ndiye huwa mkali kuliko wenye mahali pao. Alijua pia namna ya kumwondoa. Hakuwahi kumwambia mtu "toka hapo." Alimwinamia sikioni na kumwambia, "Njoo huku, nimekuwekea pazuri," na mtu akanyanyuka mwenyewe huku akitengeneza koti. Jambo moja tu kazi hiyo ilimharibia: goti la kushoto. Kubeba viti vinane vinane begani mwaka hadi mwaka kulilifanya goti ligome kukunjika sawasawa.

Basi bintiye, aliyekuwa mpima ardhi katika mji ulio mbali mwendo wa siku mbili kwa basi, akajifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kwanza. Mama Viti alitaka kufunga mizigo kesho yake, na binti akamkatia tiketi ya ndege.

"Mama, kiti chako ni kumi na mbili C," alimweleza kwenye simu. "Kiko kando ya njia, utanyoosha goti. Nimekilipia zaidi."

"Kiti kinalipiwa mbali na tiketi?"

"Ukitaka kuchagua, ndiyo."

"Kwa hiyo tiketi yenyewe ni ya kusimama?"

Binti alicheka mpaka mshono ukamuuma, akamwomba mama yake asimchekeshe tena mpaka wiki ipite.

Uwanjani, Mama Viti alistaajabia mpangilio. Waliitwa kwanza abiria wa daraja la dhahabu, wakapita kwa madaha wakiburuta vibegi vyao. Wakaitwa wa fedha, ambao walitembea haraka kidogo ili wafanane na wa dhahabu. Mwishowe sauti ikasema, "Na abiria wengine wote," kwa namna ya mtu anayekusanya mabaki mezani. Kisha wote, dhahabu, fedha na mabaki, wakakutana ndani ya basi moja la kuwapeleka kwenye ndege, wamesimama wamebanana, wakingoja dakika ishirini chini ya jua bila mtu kuwaambia wanangoja nini.

Alipofika mstari wa kumi na mbili, kiti C kilikuwa na mtu. Bwana mmoja wa makamo, tai ya samawati shingoni, kompyuta imefunguliwa mapajani kabla hata ndege haijafungwa mlango.

"Samahani, baba, nadhani hapo ni kwangu."

Bwana Tai hakuinua macho. "Mama, kaa tu popote. Viti vyote vinafika pamoja."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza kupumua kwa nguvu. Mama Viti hakupandisha sauti. Alitoa pasi yake ya kupandia ndege, akaishika mbele ya ile kompyuta mpaka bwana akashindwa kuona alichokuwa akiandika. Bwana naye akatoa yake mfukoni, akaiweka kando ya ile ya mama. Kumi na mbili C. Na kumi na mbili C.

Mhudumu alikuja, binti mwembamba ambaye tabasamu lake lilikuwa limechoka kuliko macho yake. Akazisoma pasi zote mbili. Akazigeuza nyuma, kana kwamba jibu lingekuwa huko. "Huu ni mfumo," akasema kwa sauti ndogo.

"Mfumo ni nani?" Mama Viti akauliza. "Aitwe."

Mfumo hakuja, alikuja msimamizi kutoka chini, fulana ya manjano kifuani na simu ya upepo mkononi. Alieleza, kwa lugha ya barua ya ofisi, kwamba ndege imejaa, kwamba shirika huuza viti kuzidi kidogo kwa kuwa siku zote kuna abiria wasiotokea, na kwamba leo, kwa bahati mbaya, wote wametokea.

"Kwa hiyo kosa letu ni kuja," akasema bibi mmoja wa mstari wa kumi na moja.

"Tunaomba abiria mmoja ajitolee kushuka," msimamizi akaendelea. "Ataondoka na ndege ya kesho. Tutampa kuponi ya chakula na kinywaji kimoja baridi."

Watu waliokuwa wakipiga gumzo wakaanza kusoma karatasi ya namna ya kujiokoa ajali ikitokea, wakaisoma kwa umakini ambao karatasi ile haijapata kuonyeshwa tangu ichapishwe. Halafu zikaanza sababu. Mmoja ana mtihani. Mwingine ana kesi mahakamani, na akaomba ieleweke kuwa yeye ndiye anayeshtaki. Bwana Tai ana kikao ambacho, alisema, hakiwezi kuanza bila yeye. Kijana wa nyuma akakiri kwamba yeye hana sababu yoyote, ila hashuki.

"Mama je?" msimamizi akamgeukia Mama Viti, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Yeye ndiye alikuwa amesimama, na aliyesimama ni rahisi kumshusha.

"Binti yangu amepasuliwa," alijibu. "Yuko na kichanga na mume asiyejua hata kuchemsha maji. Mimi sishuki. Na nikwambie, mwanangu: mimi napanga watu kwenye viti tangu wewe hujaota meno. Sijawahi kuwapa watu wawili kiti kimoja. Vikipungua, nafuata vingine."

"Mama, ndege haiongezewi viti."

"Basi tuhesabu waliokaa."

Kabla hajajibiwa, alishaanza. Akatembea njiani akichechemea, mpaka mkiani na kurudi, akitazama nyuso kushoto na kulia, kama alivyofanya kwenye kumbi zaidi ya elfu. Hakuwa akihesabu vichwa. Alikuwa akimtafuta yule mtu wake wa siku zote, ambaye huwa hakosi. Watu wote waliposikia kuna wa kushushwa walishtuka. Hata watoto walishtuka. Akataka kumwona ambaye hakushtuka.

Alimkuta mstari wa kwanza, kiti cha kando ya njia, palipo na nafasi ya kunyoosha miguu yote miwili na kubaki na akiba. Mwanamume mnene kiasi, koti zuri, visikizi masikioni, macho yamefumbwa. Amelala. Amelala fofofo, na kidole gumba cha mguu kinapiga ngoma ndani ya kiatu.

Mama Viti akamwinamia. "Baba, wewe umealikwa na nani?"

Mtu akajitia hamnazo. Lakini mhudumu, aliyefika nyuma yake, alitazama sakafu, na msimamizi akatazama dari, na abiria wa mistari minne ya mbele wakaona mmoja ametazama chini na mwingine juu.

"Binti yangu," Mama Viti akamwambia mhudumu, "huyu amelipa?"

Mhudumu alikuwa amekalia kuti kavu, maana kusema kungemgharimu na kunyamaza kulikuwa kumeshamgharimu asubuhi nzima. Akapiga moyo konde. "Huyu ni meneja wetu, mama. Anasafiri bure. Kwa utaratibu anapanda kama kuna kiti kilichobaki."

Macho ya meneja yakafumbuka kwa kasi isiyo ya mtu aliyelala.

"Meneja wa nini?" sauti ikatoka mstari wa sita.

Akajibu msimamizi, kwa shida. "Huduma kwa wateja."

Kicheko kilichopita ndani ya ndege kilianzia mbele kikafika mkiani, kikarudi. Ikajulikana baadaye, kwa kinywa cha meneja mwenyewe, kwamba alikuwa akienda kutoa semina ya siku mbili juu ya kumthamini abiria. Alisimama, akanyoosha koti, akasema kuna kutoelewana kidogo, kwamba kiti kile alipewa na mfumo.

"Hata sisi wawili tumepewa na mfumo," Mama Viti akamwambia. "Lakini sikutoi, baba. Njoo huku, kuna pazuri." Akamwonyesha kiti kidogo cha kukunja, kilichobandikwa ukutani mkabala na mlango wa choo cha nyuma. Alikiona alipokuwa akizunguka. "Hicho ni cha nani?"

"Cha wafanyakazi wa shirika tu," akasema mhudumu, na safari hii tabasamu lake lilikuwa lake mwenyewe. "Kuna kimoja hakina mtu. Ila rubani lazima akubali."

Rubani, aliyekuwa amechelewa dakika hamsini na anataka kuondoka, alikubali kabla swali halijaisha.

Sasa Bwana Tai alikuwa ameshafunga kompyuta. Alikuwa amekitazama kile kiti cha mbele, na nafasi yake ya miguu, na ukaribu wake na mlango. "Mama," alisema, sauti imelainika kama ya mkwe, "haki ni haki. Chukua kumi na mbili C yako. Mimi nitahamia kule mbele, nisikusumbue."

"Usijisumbue, baba. Viti vyote vinafika pamoja." Akaketi mstari wa kwanza, akalinyoosha goti mpaka likalia.

Ndege ikapaa. Bwana Tai alikuwa amefungua tena kompyuta pale bibi wa mstari wa kumi na moja alipokilaza kiti chake nyuma, chote, kwa pumzi moja. Kompyuta ikabanwa kati ya kiti na kitambi. Alilalamika; bibi akamjibu bila kugeuka kwamba kitufe cha kulaza ni cha kwake, amekilipia pamoja na kiti.

Lakini shughuli yenyewe ilikuwa nyuma. Kila aliyekwenda chooni alimkuta meneja amekaa mlangoni, amefungwa mkanda, hana pa kukimbilia. Mmoja akamweleza begi lake lililopotea mwaka juzi. Mwingine akamuuliza kwa nini maji yanauzwa. Mwenye kesi mahakamani alimweleza kesi nyingine atakayolifungulia shirika. Foleni ya choo ikawa ndefu, na wengi waliokuwa humo hawakuwa na haja ya choo. Mwanzoni meneja alisema "tutalifanyia kazi." Baada ya nusu saa akaomba kalamu. Walipotua, alikuwa ameandika mpaka nyuma ya mfuko wa karatasi wa kutapikia.

Mama Viti aliukuta mlango wa binti yake wazi, mkwe akihangaika na sufuria iliyoungua. Alinawa mikono, akamchukua mjukuu, akamfunua uso. Alikuwa msichana, mdogo, amekunja ngumi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Simu ya binti ikalia. "Mama, ni shirika la ndege. Wanataka tuipime safari yako, nyota moja mpaka tano."

"Yule mhudumu mpe tano zote, na uandike alikuwa jasiri. Meneja mwache kwanza, huenda anajifunza." Akamrekebishia mtoto shuka, akamgeukia mkwe. "Wewe, baba, zima jiko. Njoo nikuonyeshe jinsi maji yanavyochemshwa."