Fundi wa miguu na binti aliyemaliza kukua

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu, na mwanga unaingia ukiwa umebeba vumbi jeupe la plasta. Vumbi lenyewe halina haraka. Linapanda, linazunguka juu ya meza, kisha linatua kwenye miguu iliyopangwa rafuni: mifupi, mirefu, mingine bado haijapata wayo. Ukikaa kimya kidogo utaapa kwamba wenye miguu hiyo wako nyuma ya ukuta, wanasubiri kuitwa.

Fundi amekaa kwenye kigoda, miwani imeteremka hadi nchani mwa pua, anapiga msasa mguu mmoja polepole. Watu wanamwita Mama Miguu. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya umri huo ameumalizia humu, katika chumba chenye dirisha moja, akitengeneza miguu ya bandia.

"Ukipiga msasa akili inaondoka yenyewe," anasema bila kuinua kichwa. "Naanza asubuhi, nikija kushtuka ni adhuhuri na chai imepoa. Huko nilikokuwa sijui."

Leo lakini hana nafasi ya kuota. Mguu ulio mapajani mwake ni wa binti wa miaka kumi na tisa, na basi la binti huyo linaondoka saa tisa alasiri. Kesho anatakiwa kuripoti chuo cha uuguzi, mji wa mbali, safari ya usiku kucha. Mguu wake wa zamani umeanza kumchubua. Huu mpya usipomkaa sawasawa leo, ataondoka na ule ule unaomuumiza, na muuguzi kazi yake ni kushinda amesimama.

Binti huyo alizaliwa mguu wa kushoto ukiishia chini kidogo ya goti. Aliletwa hapa akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake, ananyonya kidole. Fundi akamtengenezea mguu wa kwanza, mdogo kiasi kwamba ungeutia kwenye kikapu cha sokoni na vitunguu vikapata nafasi. Mtoto akasimama, akaanguka, akasimama tena, halafu akatoka nduki hadi barabarani, mama mtu nyuma anapiga kelele. Jina la Chapuchapu lilianzia siku hiyo, na mpaka leo halijamtoka.

Tangu hapo amekuwa akirudi kila mwaka, maana mtoto anakua na mguu wa bandia haukui. Ni kazi ya kufukuzana. Kwa hiyo fundi ana ujanja wake: mguu wa mtoto huutengeneza mrefu kidogo kuliko unaotakiwa, kama mzazi anayenunua sare ya shule inayopwaya. Ili mtoto asichechemee, fundi huweka vipande vyembamba vya mpira ndani ya kiatu cha mguu wa pili, kimoja juu ya kingine. Mtoto akirefuka, mama anabandua kipande kimoja. Vikiisha, wanarudi karakana.

"Akina mama wananipigia simu. Fundi, tumebandua! Furaha yake utadhani mtoto kaota jino," anasema.

Kabla ya kushika miguu ya watu, alishika miguu ya viti. Baba yake alikuwa seremala, naye ndiye mtoto pekee aliyependa kukaa karibu na randa. Jirani mmoja alipokatwa mguu, baba akamchongea gongo, naye, bado msichana, akauliza kwa nini wasimchongee mguu wenyewe. Akachekwa. Miaka michache baadaye akaenda kusomea kazi hiyo, darasani mwanamke peke yake. Sasa kwa mwezi hupokea watu sita au saba, na mwaka huu kuna miezi miwili plasta ilikosekana kabisa, akawa anafungua mlango na kufagia tu.

Anasema binadamu wote amewafahamu kuanzia gotini kwenda chini. Mtoto mdogo hajui kama ule mguu si wake. Anaubusu, anaupa jina, anaulaza na kuufunika kwa kanga. Akifika miaka kumi na miwili au mitatu, basi, nuksi inaingia. Anataka suruali ndefu jua likiwaka, na hataki mtu amguse. Chapuchapu alipofika umri huo alikuja miaka mitatu mfululizo bila kusema neno. Ukimuuliza kama mguu unabana, anajibu kwa bega. Halafu siku moja, ana miaka kumi na sita, akamwambia mama yake asubiri nje.

"Mama wa watu alisimama pale mlangoni na mkoba wake, hajui aende wapi," fundi anakumbuka. "Nilimhurumia. Lakini nilifurahi pia. Mtoto alikuwa amerudisha sauti."

Kwenye benchi kuna mzee, dereva mstaafu, anayesubiri mkanda wa mguu wake ushonwe. Yeye anawakilisha upande wa pili wa safari. Kigutu chake, kile kipande cha mguu kilichobaki, kimekonda na uzee, siku hizi anavaa soksi tatu ndipo mguu ukae.

"Nilipooa nilinenepa, ukanibana. Sasa nanyauka, unanipwaya," anasema mzee. "Huyu mama kanishona kama suruali. Anapunguza, anaongeza, anapunguza."

"Wewe ungekula vizuri usingenisumbua," fundi anamjibu.

Saa tano Chapuchapu anaingia, begi begani, mkononi mfuko wenye viatu vyeusi vya kazi, vipya, bado vina karatasi ndani.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo nikuvalishe."

Fundi hajainuka vizuri, binti ameshauvaa mwenyewe. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kimemkaa vizuri mno. Anapapasa pembeni na kutabasamu. Ndipo fundi anapomkabidhi vipande vya mpira, vitatu, vimekatwa kwa umbo la wayo.

"Weka na hivi kwenye kiatu cha kulia."

Chapuchapu anavitazama. "Shangazi, hivi vya nini?"

"Vya kubandua ukikua."

"Nikue niende wapi?"

Mzee anaficha kicheko ndani ya kofia yake. Fundi hacheki. Amesimama na mikono yake imebaki hewani, na usoni anaonekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Wanajaribu. Kwa mpira, kisigino kinachomoka kwenye kiatu kipya kila hatua. Bila mpira, kiuno kinapanda upande mmoja na binti anatembea amepinda. Hakuna ubishi: mguu ni mrefu kwa unene wa kidole, na aliyeurefusha ni fundi mwenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na sita.

"Nilikupima nikapata urefu ule ule wa mwaka jana," anasema taratibu. "Nikapima tena. Nikasema utepe umevutika."

"Haujavutika, shangazi. Mimi ndiyo nimemaliza."

Fundi anakaa chini. Mwanga wa dirisha umehamia kwenye rafu. Inamuuma, na hafichi.

"Wanangu wa kuzaa ni wawili, wote walikua nikiwa nimeinamia meza hii. Nilikuja kuinua kichwa wana ndevu," anasema. "Huyu ndiye niliyemwona. Kila kidole alichoongeza nilikiona. Leo ananiambia amemaliza, nami nilikuwa naendelea peke yangu."

Basi halisubiri machozi ya mtu. Anafungua mguu, anabana bomba lake la chuma kwenye jiliwa, anashika msumeno. Hapa ndipo penye kazi. Bomba ni hilo moja. Jingine likiagizwa linachukua wiki mbili. Akikata zaidi, binti atapinda upande mwingine na chuo kitaanza bila yeye. Anapiga mstari kwa kalamu. Anaufuta. Anapiga mwingine, karibu zaidi na ncha.

"Niache kidogo tu? Unene wa kucha. Huwezi kujua."

"Usiache, shangazi."

"Watu wengine hukua mpaka ishirini na moja."

"Mimi si watu wengine. Unanijua."

Dereva mstaafu anakohoa. "Mkatie mtoto wa watu aende zake, mama. Mimi mkanda wangu unaweza kusubiri."

Anakata. Msumeno unalia, chembe za chuma zinamwagika mezani, na kipande kinaanguka sakafuni na kuviringika hadi chini ya benchi. Hakuna anayekiokota. Anapiga tupa kingo, anafunga wayo, anakaza skrubu, na mikono yake, ambayo siku hizi huanza kutetemeka akichoka, leo inamtii mpaka mwisho.

Chapuchapu anavaa. Anavuta viatu vyeusi, anafunga kamba, anasimama. Anatoka mlangoni hadi dirishani, anageuka, anarudi. Mabega yote mawili yako sawa.

"Huyo sasa ni sista kamili," mzee anasema.

Fundi anamwendea na kumwekea kiganja utosini, kama alivyozoea kila mwaka. Safari hii inambidi asimame kwa ncha za vidole.

"Mbona umerefuka hivi?"

"Sijarefuka," binti anasema, na sauti yake imelainika. "Ni wewe unapungua, shangazi."

Fundi anacheka mpaka anavua miwani. Kumbe ndiyo maana rafu ya juu imekuwa mbali tangu mwaka jana. Alidhani kuna mtu ameipandisha. Wanakumbatiana palepale katikati ya vumbi, kidevu cha binti juu ya kitambaa cha kichwa cha fundi, na kwa muda mrefu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Saa tisa imeshapita, binti amekwenda kupanda basi, mzee naye ameondoka na mkanda wake, karakana imetulia. Fundi hajagusa kazi nyingine. Anatazama vumbi linavyotua na kuzungumza kama anayeota, lakini anachosema amekipanga.

Kwa miaka yote amekataa wanafunzi. Alisema wanaharibu plasta, alisema wanamchosha kwa maswali. Wiki ijayo, anasema, atakwenda chuo cha ufundi kutafuta mmoja, msichana au mvulana, kwake ni sawa. Sharti lake ni moja: awe mdogo kuliko Chapuchapu.

"Kwa sababu Chapuchapu naye atafika huku niliko," anasema. "Ataanza kupungua, kigutu kitakonda, ule mguu nilioukata leo utakuwa mrefu tena. Siku hiyo mimi sitakuwepo. Nataka akiingia na mkongojo wake akute mtu hapa, na mikono ya mtu huyo iwe bado haijaanza kutetemeka."