Meneja Aliyevuliwa Jezi

Hapa Johannesburg, mtaa wa Mayfair, kuna watu wanasema mume wangu Naseeb aliwapotezea kombe. Wanasema wakiwa wamekaa, kikombe cha chai mkononi, watu ambao hadi leo hawajui timu ya besiboli ina wachezaji wangapi. Mimi Tumu nimeolewa na mchezo huo, najua, na nimechoka kunyamaza.

Naseeb ni mtoto wa Temeke. Shuleni kwao Dar es Salaam alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kabeba magongo na glovu kwenye gunia. Wenzake walicheka, yeye akaokota mpira akaurusha. Mwalimu akamwambia arushe tena. Alirusha hivyo hadi akachukuliwa Japani, kwenye timu ndogo ya kulipwa, Mswahili peke yake, akila mshahara kwa nguvu ya bega lake. Mtaani kwao walidhani ni uongo mpaka walipoona mama yake anapaua nyumba.

Sasa jinsi bega lile lilivyokufa, hapo ndipo damu yangu inapochemka. Katika besiboli mkuu wa timu anaitwa meneja. Anapoona mrushaji wake amechoka, huingia uwanjani kwa miguu yake na kumuuliza hali. Akiamua kumtoa, hunyoosha mkono apewe mpira. Meneja yule wa Japani aliingia, akauliza, na Naseeb akajibu kuwa ni mzima. Bega linawaka moto, naye ni mzima! Kwani tumelelewaje sisi? Mswahili ukimuuliza habari atakwambia njema hata kama maiti iko chumba cha pili. Njema kwanza, mengine yatafuata. Mjapani hakungoja mengine, akarudi zake kwenye benchi. Ikawa hivyo mechi hii na ile, mpaka bega likachanika na mkataba ukaishia hapo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na sisi wenye methali hiyo ndio tunaoongoza kwa kuficha. Nimemlaumu yule meneja, nimeyalaumu malezi yetu, nimemlaumu na Naseeb mwenyewe, na hasira bado ninayo. Mpaka leo akitoa takbira, mkono wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unaishia kifuani.

Tulihamia Johannesburg kwa kaka yake, Naseeb akapata kazi ya kuuza mablanketi kwenye duka la jumla katikati ya jiji. Jumamosi moja, huko mtaa wa Malvern, aliwakuta vijana wa Kikongo na wa Kitanzania wanacheza besiboli kwenye kiwanja chenye mawe nyuma ya gereji za Jules Street. Alisimama akatazama, kisha akashindwa kuvumilia akaanza kuwaelekeza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa meneja wao. Jezi zilinunuliwa na Bwana Shehe, Mzanzibari mwenye duka la mazulia Mayfair. Alinunua za bei chee, zisizo na vifungo, za kuvalia kichwani, na jina la duka lake akaliandika mgongoni kubwa kuliko jina la timu. Meneja wa besiboli naye huvaa jezi kama wachezaji, ndio utaratibu wao, kwa hiyo Naseeb akatembea na tangazo la mazulia mgongoni.

Lakini hakuwa meneja wa kuuliza mtu hali. Aliangalia kiwiko, aliangalia mguu, aliangalia mtu anavyojifuta jasho. Akiona kasoro, anaingia na kunyoosha mkono. Vijana walinuna, ila mpira waliutoa.

Mrushaji wake mkubwa alikuwa Hénock, kijana wa Bukavu, fundi nguo. Mkono ule ule wa kulia aliorushia ndio aliokatia vitambaa, na ndio uliomlisha yeye na mama yake Thérèse. Kwa mkono huo timu yetu ilifika fainali.

Siku hiyo Bwana Shehe alikuja na marafiki zake na sufuria la biriani, tayari kwa sherehe. Tulikuwa tunaongoza. Mchezo ukikaribia kwisha, Naseeb alimwona Hénock anashusha bega kabla ya kurusha. Akaingia uwanjani. Hénock akamuwahi kabla hajafungua mdomo.

"Coach, niko bien. Mukono haina shida."

Naseeb akanyoosha mkono. Shehe aliinuka akipiga kelele kwamba kijana aachwe amalize, na walaji biriani wote wakaitikia. Hénock alitazama kwao, akauficha mpira nyuma ya mgongo. Naseeb hakuushusha mkono wake. Mwishowe alipewa mpira, akaingia Karimu, mrushaji wa pili, na wale wapinzani wakamchapa tukafungwa kwa pointi moja.

Shehe alikata uwanja hadi alipo mume wangu.

"Vua jezi yangu," alisema. "Hapa hapa."

Mtu mzima, na ndevu zake, anamdai mtu mzima mwenzake fulana mbele ya umma! Naseeb na adabu zake alishika upindo kwa mkono wa kushoto akavuta, jezi ikamkwama usoni. Mkono wa kulia ukagoma kupanda. Akabaki hivyo, uso umefunikwa, tumbo wazi, na kuna waliocheka. Nyumbani ni mimi ninayemvisha na kumvua, na hilo halikuwahi kutoka nje ya mlango wetu. Nikaingia uwanjani. Nikautoa ule mkono taratibu, nikamfunika mabega kwa kanga yangu, na jezi nikamtupia Shehe kifuani. Sikuomba radhi na sitaomba.

Hénock alikuwa karibu, macho yake hayatoki kwenye lile bega. Shehe, kuifuta aibu, akamgeukia akamsifu, akamwahidi kuwa msimu ujao atarusha mpaka mwisho na hakuna wa kumtoa. Kisha akamuuliza mkono vipi.

"Iko inaniuma, papa," Hénock akasema. "Inaniuma tangu mwezi muzima. Coach aliona."

Daktari alisema mshipa ulibakiza kidogo ukatike, akamkataza kurusha msimu mzima. Shehe amekwisha kupata meneja mwingine, na huko Mayfair wimbo ni ule ule, Naseeb kapoteza kombe. Ni kweli, kalipoteza, tena macho makavu. Jana Hénock alituletea pazia alilotushonea. Naseeb akainuka kumletea kiti cha kupandia, Hénock akasema hakihitaji. Alisimama dirishani, akanyoosha mkono wa kulia mpaka juu kabisa, akalitundika, na sisi wawili tukawa tunamtazama.