Masomo Tuliyokunywa Yoba

Nilipokuwa mtoto pale Yoba, mjini Gitega, miaka michache baada ya uhuru, niliyanywa masomo yangu kwa kikombe. Hata leo nikikumbuka, kichefuchefu kinanipanda.

Mtihani wa darasa la sita ndio ulikuwa mlango wa sekondari. Msichana akiukosa, kilichobaki ni sokoni au kuolewa. Dada yangu Zaina aliugua mwaka uliotangulia akarudia, kwa hiyo tulikuwa darasa moja, na kwa akili alinipita mbali. Siku mbili kabla ya mtihani shangazi akafika kutoka Muyinga na ujuzi wake wa dawa. Alichana kurasa za madaftari yetu, akaziloweka mpaka wino ukatoka wote, kisha akamimina humo nyongo ya mbuzi. Baba alikuwa mchinjaji, nyongo haikuwa shida kupatikana. Yale maji yalikuwa na povu na yalinuka matumbo.

“Mukilala kabla ya mtihani, masomo itatoka yote,” alituambia.

Zaina alifumba macho akamaliza kikombe. Mimi nilitapika nyuma ya jiko, na kuku wakaja kudonoa matapishi yangu. Uchafu mtupu! Shangazi alinitazama kama kitu kilichooza, akasema mimi basi tena, nikalale zangu. Nikalala fofofo. Kila niliposhtuka usiku nilimkuta Zaina ameketi, miguu ndani ya beseni la maji baridi, akirudia mito ya Burundi. Usiku wa pili alikuwa anaichanganya mito na hesabu za kuzidisha.

Mimi nilifaulu. Zaina alisema aliitazama karatasi na hakukumbuka kitu. Shangazi alirudi kupokea sifa, akatangaza kwamba mimi dawa iliniingia kwa ulimi, na Zaina lazima alilala kwa siri. Zaina aliapa hakufumba jicho. Ndipo shangazi akanigeukia.

“Weye ulimuona analala?”

Baba alikuwa ameshaniahidi viatu vya shule, na wote walikuwa wananitazama.

“Nilimuona,” nikasema.

Nimefundisha maisha yangu yote. Najua sasa kwamba tunachosoma mchana hutulia kichwani tukilala, na kwamba Zaina alinyimwa kitu kile kile ambacho mimi nilipewa kwa dharau. Shangazi nimemsamehe, maana hakujua. Mimi nilijua nilichokiona, na hadi leo najionea kinyaa.

Zaina anauza vitenge Kobero, mpakani. Mwaka jana nilimfuata huko ili nimwambie ukweli. Kabla sijaanza, alinishika mkono akamwambia mjukuu wake, akicheka, “Huyu bibi yako alisoma sana. Mi shangazi alinikataza kulala, nikasinzia kidogo tu, yote ikatoka.”

Nikamsaidia kukunja vitenge, nikarudi Gitega bila kusema.