Feni Upande wa Mama

Mafundi walimwita Bibi Upepo, na jina hilo alilipokea bila kinyongo, maana kazi yake ndiyo hiyo: kupanga mahali pa kufunga mitambo ya kutoa hewa juu ya mapaa. Watu hudhani feni huwekwa popote penye nafasi. Yeye akisikia hivyo huguna tu, kisha huanza kufunga vitambaa.

Hupachika vijiti kila pembe ya paa, akafunga juu yake vipande vya shuka kuukuu, halafu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama upepo unavyovipeperusha tangu asubuhi hadi jioni. Mwenzake mchomeleaji, mtu asiyeishiwa maneno, husema kama yeye angemtazama mkewe kwa makini namna hiyo, nyumbani kwake kungekuwa na amani.

Safari hii paa lilikuwa la kiwanda cha mikate. Kule chini waokaji walifanya kazi mbele ya matanuri huku jasho likiwatiririka, na mmoja wao alikuwa ameshazimia akaanguka na trei yake mkononi. Mwenye kiwanda hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Winchi ya kupandisha mtambo alishaiagiza. Lililobaki ni kuamua mtambo ukae upande gani.

Na hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Katikati ya paa kulikuwa na tenki la maji, hapaguswi. Kulia ulisimama ukuta wa gorofa ya wapangaji. Hewa ya moto ingeugonga na kuingia madirishani, kwenye vyumba wanamolala watoto. Kushoto palikuwa wazi, hewa ingepaa ikaenda zake. Ila ng'ambo ya kichochoro, usawa wa paa lenyewe, kulikuwa na dirisha moja lenye pazia la kijani, nalo ni la chumba cha mama mzazi wa Bibi Upepo. Mama wa watu alikuwa na usingizi wa mang'amung'amu tangu afiwe na mumewe, na mngurumo wa feni ile ungemfuata mpaka kitandani.

Mwenye kiwanda alipolijua hilo alimwonea huruma. "Dada, weka kulia tu yaishe. Wale wapangaji si watu wa kulalamika."

"Hawalalamiki kwa sababu hakuna anayewasikiliza," alisema. "Nipe mpaka kesho."

Jioni hiyo alivikodolea macho vitambaa vyake mpaka machozi yakamtoka. Moyoni alitamani vimdanganye japo kidogo. Vya kulia viliganda ukutani. Vya kushoto vilipepea huru kuelekea juu. Basi akashuka, akavuka kichochoro, akapanda ngazi za kwa mama yake.

"Mama, ile feni ya kiwandani inakuja mbele ya dirisha lako."

Mama alikuwa anakunja nguo. "Hakuna pengine?"

"Papo. Lakini huko joto litawaingilia watoto wa watu."

"Umekuja kuniomba au kuniarifu?"

"Kukuarifu, mama."

"Haya. Umeshaniarifu."

Hakumsindikiza mlangoni kama ilivyo kawaida yake. Binti aliteremka peke yake.

Siku ya kufunga mtambo alikuwa mkali kama pilipili. Stendi ya chuma aliiinua zaidi, chini ya kila mguu akaweka raba mbili badala ya moja, na mdomo wa bomba akaugeuza utazame juu.

"Bibi, hii imekaa sawa," mchomeleaji alisema akifuta jasho.

"Haijakaa. Legeza nati, tuanze upya."

Walipowasha, kule chini waokaji walivua mataulo shingoni wakatazamana wakicheka. Huku juu feni ilinguruma. Raba zilipunguza kelele, hazikuimaliza, na ng'ambo ya kichochoro pazia la kijani lilivutwa likafungwa.

Siku kadhaa zikapita bila mama kumtumia hata salamu. Alipoamua kwenda mwenyewe, akiwa bado kwenye ngazi alisikia majirani wamejaa mlangoni kwa mama. Walitaka amwambie bintiye aihamishe feni.

"Iko dirishani kwangu, si kwenu," mama aliwajibu. "Ninayelala nayo ni mimi. Mwanangu angetaka kunipendelea angeweza, hakuna ambaye angejua. Sasa mnataka nimwambie nini?"

Majirani walishuka mmoja mmoja, wakampita bila kumtazama usoni. Mama akamwona.

"Unapata usingizi, mama?"

"Sipati," mama alisema. "Ingia."

Aliingia. Alivua viatu, akafungua dirisha, kisha akajinyoosha kwenye kitanda cha mama yake ili asikie anachokisikia yeye.