Nyigu wa Kowaifu

Kwetu, wanawake walioolewa na ndugu huitana kowaifu, ingawa kila mmoja ana mume wake. Wageni husikia neno hilo wakadhani tunagawana bwana. Mimi na kowaifu wangu tunagawana ua na mfereji tu, lakini wivu niliokuwa nao juu yake ungewatosha wake wenza watatu.

Yeye alikuwa na nyumba ya mawe. Mimi nilikuwa bado kwenye nyumba ya udongo, na nyumba yangu ijayo ilikuwa imesimama shambani: mikaratusi michanga, blugamu tunavyoiita, ambayo mume wangu aliipanda akaniambia, hizi ndizo mbao zako. Kila nikitoka kupeleka majani ya chai kituoni nilipitia pale kuitazama imefika wapi. Kisha majani ya miti hiyo yakaanza kuota vinundu kwenye mishipa, vidogo kama punje za wimbi, na miti ikajikunja ikaacha kurefuka.

Miti ya watu wengi ilikuwa hivyo, kwa hiyo chifu akaita baraza. Afisa wa misitu alitueleza kuwa mdudu huyo ni aina ya nyigu, hukaa ndani ya jani, na dawa ya kupuliza haimfikii. Serikali ingeleta nyigu mwingine, mdogo kuliko chembe ya sukari, ambaye kazi yake ni kumaliza watoto wa yule mdudu. Wangeachiliwa shamba moja tu, wasambae wenyewe. Sharti lilikuwa kwamba jirani yeyote asipulize dawa karibu na hapo mpaka msimu uishe, na atakayevunja atafutwa kwenye orodha ya miche mipya isiyoshikwa na mdudu.

"Blugamu ikiisha huku mtaingia msitu kutafuta kuni," alisema, "na hiyo msitu ndio inatuletea mvua ya chai."

Tulipitisha kwa kuinua mikono. Mimi niliinua wangu juu kabisa, maana niliamini shamba litakalochaguliwa ni langu. Nani alikuwa na miti migonjwa kunishinda?

Wakachagua la kowaifu. Walisema barabara inafika kwake.

Nilimwona siku ile akipokea vichupa vya nyigu, ndani mmepakwa asali kidogo wasife njaa. Alipewa viatu vya gambuti na kibao cha kusimamisha getini. Wageni wakaanza kuja, na gari lao lilipita kwangu bila kupunguza mwendo. Kanisani aliombewa, yeye na wadudu wake. Nilisema amina na meno yameumana.

Nilimwuliza afisa lini ataniletea na mimi.

"Mama, hii mdudu haijui boda ya shamba," alisema. "Itakuja tu."

Kila asubuhi nilikuwa nikigeuza majani yangu kuwatafuta. Wadudu wenyewe hawaonekani kwa macho, kwa hiyo nilichokiona ni vile vinundu tu. Nikajiaminisha kwamba wamebaki kwake, kama kila kitu kizuri kinavyobaki kwake.

Jumapili moja nilisingizia kichwa kinauma nisiende kanisani. Nilichukua bomba la kupulizia na dawa ya viwavi vya mahindi, ile tuliyonunua sokoni Silibwet, nikaenda kwenye mstari wa miti inayopakana na shamba la kowaifu. Nisijidanganye hapa: nilijua dawa ile haiponyi mti. Nilielekeza bomba upande wake, nikapuliza mpaka likaisha. Nilijisikia vizuri. Kisha nikaosha bomba mferejini na kulianika uani, nikapika mboga.

Afisa aliporudi kukagua alikata matawi, akayapasua kwa wembe na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia. Alitazama ya kowaifu, akatazama na yangu. Aliniita nione. Vinundu vya miti yangu vilikuwa na matundu madogo: nyigu walikuwa wamevuka kitambo, wameanza kazi kwangu, na sasa wote walikuwa wamekufa kwa dawa. Nilishika lile tawi nikakosa pa kutazama.

Siku ya baraza lililofuata afisa aliuliza mbele ya watu nani alipuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyangu. Nilihesabu kwamba hakuna aliyeniona, kisha nikakumbuka bomba lililokuwa limeanikwa uani, likidondoka maji, wakati kowaifu anapita kutoka kanisani.

Kowaifu alisimama. Nikajua nimekwisha.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa napiga mahindi dawa, upepo ikapeleka."

Watu walinung'unika. Chifu alisema sheria ni sheria, na jina lake likakatwa kwa kalamu hapo hapo. Langu likabaki. Wiki hiyo hiyo nilipewa miche, nikatia sahihi.

Nilimfuata jikoni kwake. Alikuwa anachemsha maziwa na hakuniambia niketi. Nilimwuliza kwa nini alifanya vile.

"Wewe huna nyumba," alisema, macho yakiwa kwenye sufuria. "Mimi niko nayo."

Alisema hivyo tu, wala hakupandisha sauti. Nilikuwa nimekuja na machozi na maneno ya kuomba msamaha, yote yakanikauka. Angenitukana ningempenda. Nilisimama mlangoni nikiona kwamba hata moyo wa kufanya jambo kama lile alipewa yeye, mimi nikanyimwa, na nikamwonea wivu mkali kuliko wa siku zote.

Miche nimeipanda na inakua vizuri. Kwa chifu sijaenda, na msamaha sijaomba.